Jibu kwa mpogoaji wa Wete: panga huambukiza, ila si kila maradhi

*Swali: "Maalim, asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Wete, kazi yangu ni kupogoa miti na kusafisha makonde ya watu kwa malipo. Nina panga moja, mkasi mmoja wa bustani na msumeno mdogo, na vyote hivyo navitumia kwa mikarafuu, michungwa, migomba, hata maua ya majumbani. Mwezi uliopita nilikata majani makavu kwenye migomba ya pukusa ya bibi mmoja. Baada ya wiki tatu migomba minne ikageuka manjano, majani ya chini yakavunjika shingo na kuning'inia, na magogo yakapasuka karibu na ardhi. Bibi anasema maradhi nimemletea mimi na panga langu, na malipo yangu ya mwisho ameyazuia. Wengine wananiambia nioshe panga kwa maji ya bahari, wengine kwa Jiki, wengine nilipitishe motoni. Kweli panga linaambukiza? Na lipi katika hayo ndilo?"*

Waalaykum salaam, mwanangu, na pole kwa kuzuiliwa jasho lako. Nianze na la bibi, maana naona ndilo lililokuchoma. Ya panga yatafuata.

Majani ya chini kuanza manjano, kuvunjika shingo na kulizunguka gogo kama marinda ya gauni, kisha gogo kupasuka kwa chini: hizo ni dalili za mnyauko fuzari, ambao wazee wa kilimo wanauita maradhi ya Panama. Chanzo chake ni fangasi anayekaa udongoni. Huingia kwa mizizi, akapanda taratibu ndani ya mishipa inayopeleka maji juu, akaiziba. Mgomba unakufa kwa kiu na miguu yake imo kwenye udongo mbichi. Kazi hiyo si ya wiki tatu. Tangu fangasi aingie hadi wewe uone manjano hupita miezi, mara nyengine mitano au sita. Ulipofika na panga lako, migomba ile minne ilikuwa imeshaingiliwa zamani, na huenda baadhi ya yale majani makavu uliyolipwa kuyakata ndiyo yaliyokuwa mwanzo wake. Tena wewe ulikata juu, na fuzari huingilia chini.

Usimwambie bibi maneno, mwoneshe. Muombe ruhusa uangushe mgomba mmoja uliokwishakata tamaa, ukate gogo lake kwa upana, karibu na ardhi. Ukiona vidoa na mistari ya rangi ya kutu imejipanga kwa mzunguko ndani ya nyama nyeupe, huyo ndiye fuzari. Ukikata ukaona baada ya dakika chache unatoka usaha mzito wa rangi ya maziwa au manjano, na ndizi zake zinaiva kabla ya wakati huku ndani zina kahawia, basi nimekosea mimi na hayo ni maradhi mengine kabisa: mnyauko wa bakteria wa migomba. Hapo usiguse mgomba wa pili. Mwite bwana shamba siku hiyohiyo. Ule ndio unaosafiri kwa panga kama abiria kwenye daladala. Uganda ulionekana mwaka 2001, na katikati ya miaka ya 2000 ukaingia Kagera, ukavuruga migomba ya watu ambao ndizi ndiyo wali wao. Kule panga la kupogolea lilikuwa mojawapo ya njia kubwa za kuusambaza, pamoja na wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Ndiyo maana wakulima wa huko walifundishwa kuliondoa lile ua kwa kulivunja na kijiti chenye panda, bila ya kulitia chuma.

Kwa hivyo swali lako la kwanza lina jibu la ndiyo na la siyo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoosha mapanga wanaoshea maradhi yasiyooshwa.

Chombo cha kukatia hubeba kile kilichomo ndani ya utomvu, na kile kilichogandana na udongo. Basi. Bakteria wa mnyauko wamo kwenye utomvu, kwa hivyo wanabebeka. Virusi vya batobato vya nyanya na pilipili vimo kwenye utomvu, navyo vinabebeka kwa kisu, kwa kucha, hata kwa vidole vya mtu aliyetoka kusokota tumbaku, maana kirusi cha batobato ya tumbaku huvumilia kukaushwa, kikabaki hai ndani ya jani kavu muda mrefu sana. Kama unavuta au unatia ugoro, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya mtu. Fuzari naye yumo udongoni, kwa hivyo jembe ulilong'olea mche wa mgomba kwa bibi, na tope iliyoganda chini ya mabuti yako, ni hatari kuliko panga ulilokatia majani. Udongo wenye fuzari unaweza kubaki na fangasi huyo miaka ishirini na zaidi.

Sasa kuna maradhi ambayo hata ukilichemsha panga kwenye sufuria ya pilau hutayazuia. Batobato ya muhogo na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha mizizi ndani hubebwa na nzi weupe, na zaidi na sisi wenyewe tunapokata vipande vya mbegu kwenye shina gonjwa. Mgomba uliojikusanya majani juu kama ufagio umeletewa na vidukari, au ulipandwa ukiwa tayari mgonjwa. Madoa meusi yanayounguza majani ya mgomba husambaa kwa upepo na mvua. Mchungwa unaogeuka manjano upande mmoja, ukazaa machungwa madogo yaliyopinda na machungu, mara nyingi umeumwa na kijidudu kinachofyonza majani machanga. Kwa hayo tumia akili yako kwenye mbegu safi na wadudu, Jiki yako iweke.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa kijana, nimepanda nyanya zangu nyuma ya nyumba, safu sita. Asubuhi moja nikaingia kutoa vichipukizi vya pembeni, navikata kwa kucha ya dole gumba, kwa sifa, maana nilikuwa nimetoka mafunzoni. Mche wa kwanza wa safu ya tatu ulikuwa umelegea tangu jana mchana, ukaamka jioni. Nikasema ni jua. Nikautoa vichipukizi, nikaenda wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa safu, ndipo nikaitwa kula. Safu ya nne sikuifikia. Baada ya siku kumi na kitu safu ya tatu ilikufa kwa utaratibu, mche kwa mche, kama watu waliopanga foleni. Ya nne ikazaa. Nilipokata shina la mche mmoja nikalining'iniza kwenye gilasi ya maji safi, uzi mweupe kama moshi ukawa unashuka ndani ya maji. Ndio hao bakteria. Jaribio hilo halina gharama, lifanye kila unaposhuku mnyauko wa nyanya, bilingani au pilipili: gilasi ya kioo, shina lililokatwa sasa hivi, dakika tano.

Nije kwenye mikarafuu, kwa sababu wewe ni mtu wa Pemba na huko ndiko mkate wako ulipo. Watafiti wawili, Nutman na Roberts, walioifanyia kazi mikarafuu ya visiwa hivi katika miaka ya 1950, walitenganisha maradhi mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Kuna kifo cha ghafla, kinachoshika mizizi ya miti mikubwa, na hicho hakina uhusiano na mkasi wako. Na kuna kukauka kwa matawi, ambako fangasi wake huingia kwa jeraha. Jeraha gani? Tawi lililovunjwa wakati wa uchumaji, kigutu kilichoachwa, gome lililochunwa na kamba au na ngazi. Huanza pale, akashuka na tawi kuelekea shina, na ukikata utaona mti wa ndani umebadilika rangi, kahawia, mbele ya sehemu iliyokufa.

Kwa hivyo kwa mkarafuu nakwambia jambo ambalo wauza dawa hawatalipenda: namna unavyokata ni muhimu kuliko unachooshea. Mbegu za fangasi huyu hutembea kwa matone ya mvua, zitalifikia jeraha lako hata kama panga limetoka peponi. Unachoweza wewe ni kuacha jeraha dogo, laini, linalofunga upesi. Tawi kubwa usilipige panga moja kutoka juu likachana na gome la shina. Chukua msumeno, kata kidogo kutoka chini mbali na shina, kisha kata kutoka juu mbele kidogo ya hapo mpaka tawi lianguke, ndipo urudi kuondoa kile kigutu karibu na ule uvimbe ulio mwanzoni mwa tawi. Uvimbe wenyewe usiukate, huo ndio unaozalisha ngozi ya kufunika jeraha. Ukikuta tawi linalokauka, shuka mpaka ukate kwenye mti mweupe usio na kahawia hata kidogo, na kila mkato ambao bado una kahawia ndani yake, osha msumeno kabla ya mkato unaofuata. Na fanya kazi hii wakati wa ukavu, Januari na Februari kabla masika hayajashika. Kupogoa mkarafuu Aprili, mvua inanyesha na wewe umejifunika mfuko wa nailoni, ni kuualika ugonjwa kwa kadi.

Haya, kuosha.

Umewahi kumwona mtu anapasua fenesi? Kabla ya kutia kisu anakipaka mafuta, kwa sababu anajua ule ulimbo ukishashika hautoki kwa maji. Utomvu wa mgomba na wa mwembe ni ndugu zake. Panga lililokauka utomvu, ukilitumbukiza kwenye Jiki, dawa inaishia kupigana na uchafu wa juu, na bakteria aliyejificha chini ya ule utando anakutazama tu. Nusu nzima ya kazi, na mimi nasema zaidi ya nusu, ni kusugua. Chukua kumbi la nazi, sabuni ya kufulia na maji, sugua pande zote mbili na pale panga linapoingia kwenye mpini, mahali ambapo watu huwa hawafiki. Utomvu uliogoma, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa au mafuta ya nazi kwanza, kisha rudi na sabuni ili mafuta yatoke. Mkasi ufungue ikiwa una skrubu. Hapo kwenye kiungio ndipo penye duka zima la uchafu. Msumeno upige mswaki wa zamani katikati ya meno.

Panga likishang'ara ndipo dawa inapofanya kazi. Jiki ni nzuri na rahisi, lakini soma chupa. Nyingi zina klorini ya asilimia 3.5, nyengine zinafika 5. Tunachotaka kwenye ndoo ni takriban nusu asilimia. Kwa hiyo ya asilimia 3.5, kikombe kimoja cha Jiki kwa vikombe sita vya maji. Kwa ya asilimia 5, kikombe kimoja kwa tisa. Tumbukiza chuma kilichosafishwa, kikae dakika kama tano. Watu wengi huchovya na kutoa palepale kama wanaochovya mkate kwenye chai. Mchanganyiko huo hupoteza nguvu kwa jua na kwa uchafu, kwa hivyo ukiuona umegeuka rangi, mwaga, na hata ukiwa safi usiulaze hadi kesho. Baadaye suuza kwa maji baridi, ufute ukauke na upake mafuta mepesi, maana Jiki inakula chuma. Mafuta ya cherehani ni bora kabisa, tone mbili tatu kwenye kitambaa. Huna, basi ya nazi.

Nina onyo moja nataka ulishike kwa mikono miwili. Watu wetu hutoa kutu kwa ndimu au limau, na inatoa kweli. Lakini usije ukachanganya ndimu, au siki, na Jiki kwenye ndoo moja, wala kumimina kimoja juu ya chengine. Hutoka hewa ya klorini, inaunguza kifua na macho, na ukiwa ndani ya banda lililofungwa inaweza kukuangusha. Ndimu leo, suuza vizuri, Jiki baadaye. Na Jiki isikae kwenye chupa ya soda nyumbani kwenye watoto.

Maji ya bahari, waambie hao wanaokushauri, ni ya kuogea. Chumvi ile haiui bakteria wala fangasi kwa kulichovya panga, na kesho yake chuma kimeshika kutu. Kutu nayo ina vishimo, na kila kishimo ni nyumba ya utomvu. Umelipa gharama ya kuchafua.

Moto unafaa, khasa kwa panga la migombani. Likishasafishwa, pitisha ubapa wote juu ya moto mpaka tone la maji likiliangukia liungurume na kurukaruka. Inatosha. Ukiliacha likawa jekundu umeliua, chuma kinalegea na makali hayatakaa tena. Mkasi usiutie motoni kabisa, una springi na plastiki, na mikasi mingi mizuri huharibika siku ya kwanza ya moto. Mkasi wako ufute kwa spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, au kwa kitakasa mikono chenye kileo kiasi hicho. Ya 70 ni bora kuliko iliyo kali zaidi, kwa sababu ile kali inakauka kabla haijafanya kazi, na maji kidogo yanaisaidia kupenya. Acha ikauke yenyewe. Spiriti na moto visikutane. Kwa virusi vya batobato spiriti ni dhaifu, pale tumia Jiki, na mikono kwa sabuni.

Najua unachosema moyoni: nina panga moja, na bibi ananilipa kwa siku, dakika tano kila mti nitamaliza lini? Nunua panga la pili. Moja mkononi, moja ndani ya ndoo. Ukimaliza mti unalisugua la mkononi, unalitumbukiza, unachukua lililokwisha kukaa, unalisuuza na kuendelea. Kazi haisimami.

Wala huhitaji kuosha kila mti wa kila konde. Konde lenye afya, lianze na ulimalize, uoshe unapotoka. Ukikuta mti mmoja tu unaotia shaka, uache mpaka mwisho, uwe wa mwisho kuguswa siku hiyo. Lakini kwenye konde ambalo maradhi yameshaingia osha baina ya shina na shina, na kwa nyanya baina ya mche na mche. Kati ya nyumba ya mtu na nyumba ya mtu, osha daima, hata kama ni mkasi wa kupunguzia asumini tu, na usisahau mabuti na jembe. Tope kwanza itoke kwa kijiti, kisha maji, kisha dawa. Mpaka wa konde la bibi na la jirani yake ndio mahali pa ndoo yako, si barazani kwako jioni.

Matawi na magogo magonjwa usiyatupe kwa jirani wala usiyaburure njiani. Matawi makavu ya mkarafuu yachome palepale. Mgomba wa fuzari, huo hautaki kuburuzwa, kwa sababu kila hatua unamwaga udongo. Kata vipande, vikaushwe hapohapo ndani ya konde.

Rudi kwa bibi asubuhi, umwamkie, umpeleke kwenye lile gogo lililokatwa alione mwenyewe kwa macho yake. Mwambie pia, na hili ni la faida kwake, asipande tena pukusa kwenye mashimo yale, wala asimpe mtu mche kutoka pale. Mahali pale panahitaji zao jengine au aina ya mgomba ambayo bwana shamba atampa uhakika kuwa inastahimili. Miche mipya ichukuliwe kwenye konde lisilo na mgonjwa. Kisha muombe akuruhusu umalizie kazi yake iliyobaki, na safari hii ndoo, kumbi na sabuni uviweke pale mlangoni ambapo atakuona unasugua kabla hujaingia.